Mzigo Ukilowa

Simu ilipolia, Atyang alikuwa amepiga magoti juu ya trela, sindano ya kushonea turubai ameibana kwa meno. Hakuweza kuipokea. Mumewe Lazarus, aliyekuwa chini akisubiri abiria kwenye pikipiki yake, ndiye aliyeitoa kikapuni. Alisikiliza kidogo, akasema "ndiyo boss" mara kadhaa, kisha akaanza kupunga mikono yote miwili.

"Mama Robinson! Shuka! Shuka haraka!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni Mujib. Mujib wa yadi kubwa!"

Hakuna fundi wa Malaba ambaye hakumjua Mujib, meneja wa malori yanayobeba sukari na mchele kwenda Kampala, Kigali, mpaka Juba. Atyang alishuka na uzi bado unaning'inia begani. Miaka yote alikuwa akishona maturubai kwenye foleni ya mpakani, lori moja baada ya jingine, akilipwa chochote dereva atakachotoa mfukoni. Madereva wengine walimlipa soda. Mmoja aliwahi kumlipa kuku, na kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa.

"Anasema nini?"

"Anasema maturubai ya kampuni nzima yatakuwa yanashonewa hapa. Malori sitini! Anataka mtu mmoja wa kuchukua kazi yote. Ameona mishono yako, anasema haijawahi kumsumbua. Anataka wewe."

Atyang aliketi juu ya gurudumu la akiba. Akacheka. Akasimama, akamkumbatia mumewe hapo hapo kando ya barabara, na dereva wa lori lililokuwa nyuma akapiga honi ndefu mpaka watu wa vibandani wakachungulia.

Walikwenda yadini mchana huo huo. Mlinzi alimpigia Lazarus saluti. "Karibu, bwana kontrakta." Lazarus akamwonyesha mkewe kwa kidole. Mlinzi akamtazama Atyang kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa, akafungua lango nusu tu, kana kwamba kontrakta wa aina hiyo hahitaji nafasi kubwa ya kupita.

Mujib hakuwa na dharau. Aliwapa viti, akaagiza chai, akaeleza haraka haraka kama mtu aliyezoea kuongea na madereva wenye injini zinazonguruma. "Mama, mimi sikuandiki kazi. Wewe utakuwa kontrakta. Turubai likishonwa, unaleta bili, mwisho wa mwezi nalipa. Soma huu mkataba. Ijumaa njoo na kitambulisho, pini ya KRA, ile namba yako ya ushuru, na ile cheti ya kuonyesha hudaiwi ushuru. Bila hiyo cheti, wakubwa wangu Mombasa hawapitishi. Sawa?"

"Sawa, boss."

"Ukichelewa, kuna wengine wanauliza hii kazi kila siku."

*

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Jioni hiyo Atyang aliusoma jikoni, polepole, huku akisonga ugali kwa mkono mmoja. Lazarus alikuwa ameshawapigia simu ndugu zake wote wa Amukura. Sauti yake ilitoka uani kwa furaha: malori sitini, ndiyo, sitini, hapana si utani.

"Baba Robinson, njoo kwanza."

Alikuja akitabasamu, simu bado sikioni.

"Hapa wanasema mzigo ukilowa njiani, kontrakta analipa. Mzigo wote."

Lazarus alikata simu. "Si wewe unashona vizuri? Mzigo utalowa namna gani?"

"Dereva akifunga kamba vibaya? Mwizi akipasua turubai kwa wembe dereva akiwa amelala Tororo? Sukari ya trela moja unajua ni pesa gani? Uza hii nyumba, uza shamba la baba yako, uza pikipiki, halafu uniuze na mimi. Haifiki."

"Hayo ni maneno ya kwenye karatasi tu. Kila mkataba unaandikwa hivyo."

"Na hapa wanasema nifike yadini saa mbili kila asubuhi, nisishonee lori la mtu mwingine."

"Mama Robinson." Lazarus aliketi kwenye kigoda. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Mara ngapi umelia kwa sababu ya wale madereva wa foleni? Mara ngapi? Sasa mlango umefunguka, wewe unaangalia bawaba. Mimi naona unaogopa kutajirika."

Neno hilo lilimchoma. Atyang aliupakua ugali akauweka mezani, na walikula wakisikiliza redio ya jirani. Lakini alipokuwa akiosha sahani Lazarus alikuja akasimama nyuma yake, akasema, kama anayeomba radhi bila kuomba, "Kesho nitakubeba mpaka Busia. Hiyo cheti tutafute. Hayo mengine tutauliza mtu anayejua."

*

Walianzia kwenye saiba ya Oduori, kibanda cha kompyuta karibu na stendi ya Malaba, kwa sababu ilikuwa njiani. Oduori aliandika namba ya pini ya Atyang, pini aliyoichukua zamani alipoomba kazi ya kufagia ofisini Amagoro asiipate. Kompyuta ilifikiri. Kisha Oduori akapiga mluzi.

"Mama, wewe unadaiwa na serikali!"

Alisema kwa sauti ya mnada. Vijana waliokuwa wakicheza mechi kwenye kompyuta za pembeni waligeuka. Mama mmoja aliyekuwa akitoa kopi ya cheti cha kuzaliwa aliusogeza mkoba wake karibu na kifua.

"Nadaiwa nini? Mimi sijawahi kukopa serikali."

"Hujawahi kujaza ritani, ile fomu ya mapato, hata mwaka mmoja. Kila mtu mwenye pini lazima ajaze kila mwaka, hata kama hana kazi. Usipojaza, faini inapanda. Hiyo cheti hawawezi kukupa hivi." Aliuona uso wake, akashusha sauti. "Lakini usijali, mama yangu. Tunajaza sifuri. Hukupata kitu, mwaka huu sifuri, mwaka ule sifuri. Dakika mbili tumemaliza. Faini utaona mbele."

"Jaza," alisema Lazarus.

"Ngoja." Atyang aliushika mkono wa Oduori ukiwa juu ya kibodi. "Nimekuwa napata. Si nyingi, lakini nimepata. Malaba nzima imeniona juu ya malori. Leo niandike sifuri, halafu Ijumaa nisaini kwamba mimi ni fundi wa miaka mingi?"

"Kila mtu anajaza sifuri, mama."

"Basi mimi niache niulize wenyewe."

Lazarus alipiga teke stendi ya pikipiki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Barabara yote ya kwenda Busia Atyang, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa akiomba kimoyomoyo asiwe ameharibu kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe.

Kwenye jengo la huduma za serikali, mhudumu wa dawati la ushuru alikuwa msichana mwenye beji iliyoandikwa Emmaculate. Atyang alimweleza yote kwa pumzi moja: foleni, soda, kuku, malori sitini, Ijumaa. Kuku alimchekesha Emmaculate. Kisha akauliza, "Kwa mwezi mzuri unapata kama ngapi? Na mwezi mbaya?" Atyang akamwambia ukweli, na ukweli wenyewe ulimtia aibu kwa udogo wake.

Emmaculate alibonyeza kikokotoo, akageuza kioo cha kompyuta ili waone wote. "Mama, mapato yako ya kila mwaka hayafiki kiwango cha kutozwa. Ukijaza ukweli, ushuru wenyewe ni hakuna. Kinachokusumbua ni faini ya kuchelewa tu."

"Hakuna?" Lazarus aliinama juu ya meza. "Yaani akisema ukweli halipi ushuru?"

"Kwa miaka hiyo, halipi. Lakini msikie vizuri, mzee. Hiyo kazi mpya ikianza, mambo yatabadilika. Atakuwa anatoa risiti kwa mfumo wa KRA, atatunza risiti za uzi na gundi, na kila mwaka kabla Juni haijaisha lazima awe amejaza. Kontrakta hana mwajiri wa kumkatia. Anajikatia mwenyewe."

Alikaa nao mpaka miaka yote ikajazwa. Faini ilitoka kwenye pesa ambazo Lazarus alikuwa ameweka za tairi jipya la nyuma. Alizituma kwa simu mwenyewe, bila kuombwa, akinung'unika tu kwamba lile la zamani bado lina meno mawili matatu. Cheti kilipoingia kwenye simu ya Atyang, alilisoma jina lake kwa sauti, majina yote matatu, na Emmaculate akampigia makofi kidogo chini ya meza ili bosi wake asisikie.

"Eyalama noi!" Atyang alimshukuru, kwa Kiteso, bila hata kujua kama msichana huyo anakijua.

*

Wakili Najma alikuwa na chumba kimoja hapo hapo Busia, juu ya duka la mchele, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani. Alikuwa na haraka, kesi yake ilikuwa karibu kuitwa. Aliusoma mkataba akiwa amesimama, hijabu ameishikilia isipeperushwe na feni.

"Unajua tofauti ya mfanyakazi na kontrakta?" aliuliza.

"Kontrakta ni mtu mwenye kazi kubwa," Lazarus alijibu.

Najma alitabasamu. "Mfanyakazi anapangiwa saa na namna ya kufanya. Akiugua ana ruhusa, na mwajiri anamlipia michango yake ya kisheria. Kontrakta anauza kazi iliyokamilika. Saa ni zake, vifaa ni vyake, wateja ni wake. Sasa huyu boss wako anataka vyote viwili. Ikifika kwa muda wako, anakutaka mfanyakazi. Ikifika kwa hasara, wewe ni kontrakta."

Atyang alikaza kitambaa cha kichwa. "Nimwambie sitaki?"

"Nani amesema usitake? Hii ni kazi nzuri, dada. Mkataba ambao haujasainiwa bado ni mazungumzo. Usiende kukataa tu. Nenda na kifungu chako mkononi." Alichomoa karatasi, akaandika haraka. "Mshono wako, unawajibika. Ulichoshona kikivuja, unarudia kwa gharama yako. Lakini kamba, wizi, ajali, dereva, hayo si yako. Na kuwe na njia ya kuonyesha kwamba turubai lilitoka kwako likiwa zima. Njia gani, hiyo wewe ndiye fundi."

Aliomba malipo madogo, akachukua joho lake, akateremka ngazi akikimbia. Atyang na Lazarus walibaki wakitazamana katikati ya chumba.

"Maji," Atyang alisema.

"Maji gani?"

"Yadi ya Mujib ina pampu ya kuoshea malori. Nikishona, tunamwaga maji. Dereva anaingia chini anaangalia mwenyewe. Kukiwa kukavu anasaini, anaondoka. Hapo mkono wangu umetoka!"

Lazarus alifikiri. Kisha kwa mara ya kwanza tangu saiba alicheka, akapiga paja. "Mama Robinson, na asipokubali?"

"Nitarudi kwenye foleni. Lakini nitarudi na nyumba yangu."

*

Ijumaa, Mujib alisoma kifungu kipya mara mbili. Kalamu ilikuwa mezani kati yao.

"Mama, mimi nilikuita kwa roho safi. Msimu uliopita sukari ililowa nikalia mwenyewe, bima wakakataa. Sasa unaniambia hasara ibaki kwangu?"

"Ya mshono wangu ni yangu, boss. Ya dereva si yangu."

"Na hii ya maji! Lori linasubiri kuvuka, wewe unalimwagia maji kama mtoto wa kubatizwa? Nani ana hiyo saa?"

Lazarus alifungua mdomo, Atyang akamkanyaga mguu chini ya meza. Kalamu ile ilikuwa karibu sana. Angeweza tu kunyoosha mkono.

"Tujaribu moja," alisema. "Lile nililoshona Jumatatu liko hapo nje. Likichukua muda mrefu, nitasaini mkataba wako ulivyo."

Lazarus alishtuka kiasi cha kumwaga chai. Mujib alimtazama mama huyu kwa muda, akainuka.

Walilitandika turubai juu ya trela tupu. Atyang alitawanya vumbi jepesi la simiti juu ya sakafu ya trela, ili hata tone moja lionekane. Habari zilikuwa zimesambaa. Madereva waliacha sufuria zao za chai wakaja, Wakenya na Waganda, wakakaa juu ya matairi kama uwanjani. Lazarus ndiye aliyeshika mpira wa maji. Mujib alivua viatu, akapandisha kanzu, akaingia chini ya turubai pamoja na Atyang, tochi ya simu mkononi.

"Fungua!" Atyang alipaza sauti.

Maji yalipiga turubai kwa kishindo. Ndani kulikuwa na giza na joto na harufu ya mpira, na kelele kama za mvua ya Aprili juu ya mabati. Mujib alimulika huku na huku. Kavu. Kona ya mbele, kavu. Kiraka kikubwa cha katikati, kavu! Atyang alianza kutabasamu gizani.

Kisha kwenye vumbi jeupe kikatokea kidoa cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Kingine kikaanguka juu yake.

"Funga maji!" Mujib alisema.

Walitoka nje. Lazarus aliachia mpira, akasema haraka, "Hapo ni tundu la zamani, boss. Hapo hakuambiwa ashone."

Atyang alikuwa amepanda juu tayari, kidole chake kinapapasa. Alijua alichokipata kabla hajakiona. Angeweza kukubaliana na mumewe. Hakuna mtu pale angejua.

"Hapana," alisema kutoka juu. "Ni mshono wangu. Uzi uliruka hapa." Uso ulikuwa unawaka moto. "Nipeni sindano."

Alishona mbele ya watu wote, akapaka gundi, akaikandamiza kwa kisigino mpaka ikashika. Kisha akashuka akaingia tena chini, na Mujib akamfuata, na Lazarus akafungua maji yote, bila huruma. Vumbi lilikaa jeupe. Lilikaa jeupe mpaka Mujib mwenyewe akapiga kelele maji yafungwe kwa sababu yalikuwa yanamwingia shingoni kupitia pembeni.

Alikaa kwenye ukingo wa trela akijifuta. Kisha akatikisa kichwa.

"Hilo tone," alisema, "ningelijua Juba. Sukari ikiwa imekuwa uji. Leo nimelijua hapa, na limechukua muda wa kunywa chai." Akamgeukia mmoja wa makarani wake. "Leta ile karatasi ya mama. Hii ya maji iandikwe."

Kelele iliyotoka kwa madereva ilifika mpaka barabarani.

Mujib hakumpa yote. Malipo yalibaki vile vile; bili ingelipwa mwisho wa mwezi kama alivyosema mwanzo, na kila mshono ungekuwa na dhamana ya miezi mitatu. Lakini kifungu cha Atyang kuhusu mzigo kilipita, ile ya saa mbili asubuhi ilikatwa kwa kalamu, na pale palipomkataza kushonea malori mengine paliandikwa kwamba anaweza, ilimradi hakuna lori la yadi linalosubiri. Atyang alisaini kila ukurasa. Herufi zilipinda, lakini zilikuwa zake.

*

Juma lililofuata Lazarus aliegesha pikipiki ndani ya yadi. Mlinzi alifungua lango lote.

"Nimekuja kuvuta maturubai," alimwambia mkewe. "Peke yako hutaweza."

"Nitakuandika."

"Uniandike mimi? Mume wako?"

"Ndiyo. Sitaki mtu wa kufanya kazi bila kujulikana ni nani. Chagua, mfanyakazi ama kontrakta?"

Lazarus alikuna kidevu, akatazama malori yaliyopangwa mpaka ukutani. "Ile yenye chakula cha mchana ni gani?"

Atyang alicheka mpaka akashika trela. Hakupata nafasi ya kumjibu, maana lori la kwanza lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwao, na dereva wake, Ibra, Mganda mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa anachungulia dirishani akilalamika kwamba ameambiwa atambae chini ya turubai kama panya.

"Si lazima, ssebo," Atyang alimwambia, akimwita bwana kwa Kiganda. "Lakini bila kuingia husaini, na bila kusaini huvuki."

Ibra alilitazama shati lake. Akalivua, akalikunja vizuri, akampa Lazarus ashike, akajipenyeza ndani akinung'unika. Lazarus aliliweka shati begani, akafungua maji. Yadi nzima ilikuwa inasikiliza. Maji yalipiga, yakapiga, na Atyang alisimama hapo na kalamu mkononi.

Sauti ikatoka chini ya turubai, nene, yenye mwangwi, imesahau kulalamika.

"Kavu! Nnyabo, ni kavu kabisa huku!"

"Toka usaini," alisema Atyang, na tayari alikuwa anampungia mkono dereva wa pili asogee.